Daktari wa Nyuma ya Pazia

Masalkheri mabibi. Masalkheri mashangazi zangu, mashoga zangu, na nyinyi wageni mliotoka Majengo kwa miguu yenu mkatufikia hapa Kibokoni. Nimeambiwa nisimame niseme. Mimi kunisimamisha si kazi, kazi ni kunikalisha, na mavyaa wangu, mama wa mume wangu aliye pale pembeni, analijua hilo. Msimtazame! Amenipa ruhusa. Jana nilimwendea nikamwambia, "Mama, kesho nataka kuwaeleza wenzangu yale mambo yetu." Akatafuna tambuu yake mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Eleza. Lakini ukieleza eleza yote, usinifanye mimi ndiye shetani peke yangu." Basi leo, mama, nitaeleza yote.

Mlango umefungwa, wanaume hawamo, kwa hivyo mambo mengine nitayataja kwa majina yake. Watu ndio sitawataja.

Ilikuwa wakati wa vita vikuu vya Wazungu, sukari ya kadi, kwa kipimo, nguo ya foleni. Mume wangu ni mshona kanzu, mnamjua. Cherehani ilikuwa yake mwenyewe, ameiweka ukumbini kwetu, na mlio wake ndio uliokuwa ukiniamsha asubuhi. Hatukuwa matajiri, lakini jiko letu halikulala baridi. Nikajifungua mtoto wangu wa pili, wa kiume, salama salmini. Hata arubaini sijatoka, ziwa langu la kushoto likaanza kuuma.

Wenye watoto mnajua. Kwanza kigumugumu kidogo, ukikibonyeza kinauma, ukikiacha kinatulia. Halafu likavimba, likawa jekundu, linawaka moto. Mtoto akilia njaa, mimi nalia kabla hajanigusa. Homa ikanishika, nikawa natetemeka ndani ya blanketi na jua la mchana liko nje. Mavyaa akanikanda kwa maji moto, akanibandika majani, akanifukiza ubani. Mwalimu wa chuoni akaniandikia kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji nikayanywa. Na ndugu zangu, nawaambia kweli, kombe lile na dua zile sizikatai hata leo, maana moyo wangu ulikuwa hauna pengine pa kushika. Lakini jipu lilikuwa limeshafanya nyumba ndani, likitaka kisu.

Ikaamuliwa aitwe daktari. Hapa nisikilizeni vizuri. Kila siku tunasema matibabu ghali, matibabu ghali, wala hatukai tukauliza ughali wenyewe unatoka wapi. Mimi nilikuwa na nafasi ya kuuliza, nimelala chali sina kazi nyingine.

Hospitali ya serikali ilikuwepo, na ukienda hutozwi kitu cha kukuumiza. Lakini mke wa mtu wa mji huu aende akakae wapi? Benchi lilikuwa moja. Kuli wa bandarini na mguu wake uliovunjika hapa, na wewe na buibui lako hapa. Wa kukufunga kidonda mwanamume. Wa kukuita mwanamume, naye hukuita kwa jina lako, kwa sauti, mbele ya kaumu nzima! Kwetu sisi hilo lilikuwa haliwezekani, na anayesema liliwezekana basi yeye ni mgeni mjini. Serikali ilijenga nyumba, ikatia dawa, ikafungua mlango, isiulize ni nani hawezi kupita mlango ule.

Basi daktari aje kwetu. Alikuwa daktari wa Kihindi wa hapa mjini, mtu mwema, sina neno naye. Lakini kuja kwake nyumbani kuna bei, gari lililomleta lina bei, na dawa siku zile za vita zilikuwa hazionekani, na ile inayoonekana bei yake haishikiki. Akaja. Mimi kitandani, pazia limetandazwa ukuta hata ukuta, yeye kawekewa kiti upande wa pili. Nikatoa mkono kwa chini ya pazia, mpaka hapa tu, kwenye kifundo. Akashika mshipa akasikiliza.

"Nini namsumbua?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha dukani.

Mavyaa akamjibu, "Homa."

"Na nini tena?"

"Homa tu, daktari."

"Nalala? Nakula? Mtoto nanyonya?"

"Homa tu."

Chekeni, chekeni. Hata mimi nacheka sasa. Lakini niambieni, ni nani humu ndani angetaja ziwa la mke wa mwanawe mbele ya mwanamume wa kando, na mwanawe mwenyewe kasimama pale mlangoni? Na mimi mwenye ziwa langu nilinyamaza vilevile. Mgonjwa wa kike kwetu hakuwa akisema na daktari, alikuwa akisemewa.

Daktari akaandika kwinini. Chungu, jamani, masikio yanalia mchana kutwa. Homa ikashuka, ikapanda tena. Akaitwa. Akasema labda ni tumbo, akaleta dawa ya tumbo. Akaitwa tena, akaleta chupa nyekundu ya kuongeza damu. Zote zilikuwa dawa nzuri, ila kila chupa ilikuwa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Na kila chupa ilikuja kwa gari.

Halafu nyinyi! Ndiyo, nyinyi mabibi, msijifanye hamumo. Habari ilipoenea kwamba mke wa fulani hawezi, mlikuja makundi kwa makundi kuniangalia, Mungu awalipe. Sasa mtu akija kumwangalia mgonjwa ataondoka mkavu? Haondoki. Kahawa, mahamri, chai. Na sukari ya kadi ilikuwa imekwisha zamani, kwa hivyo ya wageni ilinunuliwa ya magendo, kwa mlango wa nyuma. Mimi nikisikia vijiko vinakoroga huko ukumbini najiambia, haya, bangili nyingine hiyo inakorogwa.

Maana bangili zangu zilikuwa zinakwenda kwa sonara. Zikafuatwa na mkufu wa arusi yangu. Kikafuata kipini cha pua alichoniachia marehemu mama yangu, na hicho niliking'ang'ania nikalia, halafu nikakitoa. Siku moja nikasikia watu wanashuka ngazi na kitu kizito, mmoja anamwambia mwenzake, "Taratibu, gurudumu hilo!" Nikajua. Mume wangu akaja akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikamuuliza, "Utashona na nini sasa?" Akanionyesha vidole vyake. Nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku ya arusi, na nilijichukia pia.

Maziwa yakakatika. Mtoto akawa analia mpaka sauti inamtoka kidogokidogo. Jirani yangu mmoja, yumo humu, simtaji, na naona ameshainamisha kichwa, alikuwa na binti yake mchanga. Aliingia siku hiyo bila kubisha, akamchukua mwanangu, akamweka upande mmoja na wake upande wa pili. Leo watoto wale ni ndugu wa ziwa moja, hawawezi kuoana hata watake, na kwa jinsi wanavyopigana sidhani kama wangetaka.

Daktari akaja mara ya mwisho. Akashika kifundo changu, akakaa nacho muda mrefu. Kisha nikamsikia anamwambia mume wangu, "Bwana, mimi hapana taka pesa yako tena. Natibu mkono huu siku nyingi. Mkono hapana ugonjwa. Mgonjwa wako iko wapi? Kama mimi hapana ona yeye, tafadhali hapana ita mimi."

Mavyaa akaanza, "Homa, daktari..."

Mabibi, sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilikuwa hata maji naomba kwa kunong'ona. Nilisema, wakanisikia mpaka barazani:

"Si homa! Ni ziwa! Ziwa la kushoto lina jipu, limejaa usaha, na mimi nakufa!"

Nikasikia kiti cha daktari kinasogea. Akasema polepole, "Ahsante, mama. Kumbe uko hapa."

Hakuhitaji kuuliza sana baada ya hapo. Akasema likatwe leo, si kesho, na yeye hawezi kulikata kitandani kwangu. Twende hospitali ya serikali. Kuna daktari mwanamke, Mzungu, amekuja juzijuzi. Akaongeza, na hili namsifu nalo, "Nyinyi iko lipa mimi sana. Pale kazi hii iko yao, na kodi nyinyi kwisha toa."

Mume wangu akamwangalia mama yake. Na mama yake, haya mama, hapa ndipo pako, akasimama akasema, "Mke wa mwanangu hatoki nde kwenda kuketi na makuli! Tangu babu na bibi hatujatenda hayo. Wataka watu watuseme nini?"

Nikamwambia kutoka nyuma ya pazia, kwa adabu, nimeshachoka kabisa, "Mama, nikifa nitatoka vilevile. Na siku hiyo nitachukuliwa na wanaume watupu."

Nikasikia nyayo zake zinaondoka, nikasikia kasha lake kubwa linafunguliwa, vitu vinatupwa huku na huku. Nikadhani amekasirika, anafunga nguo zake anahama. Aliporudi alikuwa amebeba shiraa.

Vijana nawaona mnatazamana. Shiraa ni ile hema ya kitambaa waliyokuwa wakitembelea mabibi wakubwa wa mji huu, kabla ya buibui. Bibi yuko katikati, kitambaa kimemzunguka pande zote kimeinuliwa kwa fimbo, na wajakazi ndio wanaoshika fimbo. Mtu wa nje haoni ila kitambaa kinatembea. Hii ilikuwa ya bibi yake mavyaa, inanuka karafuu na nondo. Mavyaa akasema, "Utakwenda. Lakini utakwenda kama walivyokwenda mabibi wenyewe."

Wajakazi hatuna siku hizi, alhamdulillahi. Kwa hivyo fimbo zilishikwa na majirani zangu, na ya mbele ilishikwa na mavyaa mwenyewe. Hamali mmoja akaleta mkokoteni wake, wakanilaza juu, shiraa ikanizunguka, tukatoka. Mimi sikuona kitu, ila nilisikia. Nilisikia barazani watu wanaacha mazungumzo. Nilisikia mzee mmoja, pengine kitu kile hajakiona tangu utoto wake, anauliza, "Arusi ya nani hiyo?"

Na mavyaa wangu akamjibu bila kugeuza shingo, "Arusi ya jipu! Tupishe."

Hospitalini tuliingia hivyohivyo, na fimbo zetu. Msaidizi mmoja akaja mbio anasema haiwezekani, haiwezekani. Mavyaa akamwambia, "Mwanangu, tushaingia." Yule daktari mwanamke akatoka kuangalia kelele ni za nini. Akaizunguka shiraa. Akainua upindo, akainama, akaingia ndani na mimi. Tukawa wawili tu mle. Akanitazama usoni kwanza, kisha akasema, kwa Kiswahili cha kubahatisha, "Onyesha." Nikamwonyesha. Hilo neno moja tulikuwa tumelikwepa mpaka nyumba ikabaki tupu.

Likakatwa siku ileile. Nilipozinduka nilikuwa naumwa, lakini maumivu ya kidonda, na mtu akishaumwa jipu atakwambia kwamba maumivu ya kidonda ni mapumziko. Nikaomba chakula. Mavyaa alitoka nje akalia huko, asitake nimwone. Mama, nilikuona.

Na pesa iliyotutoka mfukoni kwa siku ile yote ilikuwa ya hamali wa mkokoteni.

Sasa, nililazwa, na shiraa ikafungwa kuzunguka kitanda changu, kwani mavyaa alikataa kuiondoa. Mambo yakaanza. Mama mmoja wa Majengo, amekuja na mtoto wa kikohozi, akachungulia akaniuliza kama anaweza kuingia kidogo amwonyeshe daktari kitu chake. Akaingia. Mwingine akaja. Mmoja alivuka Feri kutoka Likoni kwa sababu alisikia kuna hema. Daktari mwanamke akawa anafanya kazi zake mle, na mimi kitandani nimegeukia ukuta, nimeziba masikio. Siku ya kuniruhusu akaniambia kwamba wanawake wa mji huu walikuwa wakimletea watoto wao, lakini miili yao wenyewe hajawahi kuiona, na kwa kitambaa kile ndiyo kwanza ameiona.

Nikarudi nyumbani na jambo hilo linanizunguka kichwani. Sisi serikali tulikuwa tukiijua kwa Bwana Afya, yule bwana anayeingia majumbani kuchungulia mbu kwenye birika la maji ya kuogea na mitungi, akimwona mdudu anatoza faini. Nikasema, hawa wanaijua mitungi yetu mmoja mmoja, sisi hawatujui. Basi alipokuja tena, akaangalia birika lake akaridhika, nikamwambia nikiwa nyuma ya mlango, "Bwana, leo mimi nina la kukukagua wewe."

Akashtuka, lakini akakaa. Tulikuwa wanawake watatu nyuma ya mlango ule, na kahawa tulimpa, kwa sukari ya kadi safari hii. Tukamwambia tunataka chumba cha wanawake pale hospitalini, chenye pazia, na mwanamke wa kupokea na kufunga vidonda, na asubuhi zetu wenyewe. Akasema vita hivi, serikali haina kitu. Nikamwambia, "Jipu langu lingekatwa mapema, lingekuwa kazi ya kisu na pamba. Limechelewa, nimekula kitanda chenu, dawa zenu na daktari wenu. Hasara ni ya nani?" Akamaliza kahawa yake. Akasema atalipeleka kwa wakubwa.

Jibu likaja, hapana. Tukamngoja kwenye birika. Tukamwambia tena. "Mkeo akiumwa, bwana, utampeleka wapi?" Akalirudisha tena, na safari ile daktari mwanamke naye alisema kwa upande wake. Vita vilipokwisha tukapewa chumba. Kidogo, dirisha lake bovu, lakini chumba. Mwanamke wa kufunga vidonda akaja. Mapazia walisema hakuna, tukasema mapazia tuachieni sisi. Mume wangu aliyashona, kwa cherehani ya kukodi. Leo anayo yake tena, kuukuu, inakwama, anaitukana kila siku, lakini yake. Mimi nilidarizi kofia mpaka macho yakawa mekundu ili tuipate. Kipini cha mama sikukipata.

Mabibi, wapo wanaosema serikali ifanye kila kitu, sisi tukae. Wapo wanaosema serikali si yetu, tusiiombe hata maji. Mimi nawaambia waume zetu wanatoa kodi, na kutibu watu ni kazi yake serikali, tena tuidai bila haya. Lakini serikali haiwezi kutibu kilichofichwa. Ukiuficha ugonjwa utaununulia dawa zote za mjini isipokuwa yake. Ughali wangu mimi sehemu moja ilikuwa vita, sehemu moja ilikuwa benchi lile lisilo na nafasi yangu, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa "homa tu".

Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru mume wangu kwa vidole vyake. Namshukuru aliyemnyonyesha mwanangu, hilo sitaweza kulilipa. Nawashukuru mlioshika fimbo. Na nakushukuru wewe, mama, uliyekuwa wa kwanza kukataa na wa kwanza kutoka nje mbele ya watu kwa ajili yangu. Nyinyi mnamwona mkali. Mimi namwona ameshika ile fimbo ya mbele.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini kuna mwenzetu mmoja humu ndani, simtaji, wala msigeuke mkatazamana. Kahawa ilipozungushwa alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Ni mtu mwenye adabu zake, mkono wa kushoto hautoi wala haupokei. Wa kulia hakuuinua tangu alipoingia. Nilipomsalimia nikamuuliza, "Hujambo?" akaniambia, "Sijambo, mkono umechoka tu."

Shoga yangu, "tu" hiyo mimi naijua. Kesho asubuhi ni asubuhi yetu hospitalini. Hutaniona nikibisha, nitaingia moja kwa moja mpaka chumbani kwako, na buibui langu mwilini, na lako nitalitwaa nikuvike, twende.